Mayai ya Kaa Chini ya Omate

Nitaanza na ndoo, wadogo zangu, kwa sababu kila kijana anayeingia kazi ya maji anadhani sumu inamngoja mtoni. Mara nyingi anatembea nayo mkononi.

Wakati huo tulikuwa tunalinganisha maji ya vijito viwili. Kimoja kilikuwa cha Walikale, chini ya machimbo ya dhahabu ya Omate. Kingine kilikuwa cha kwetu Ngungu, kusini mwa Masisi, ambako juu ya kijito hakuna shimo la madini hata moja, ni mashamba ya maharagwe na malisho tu. Maji ya Ngungu ndiyo yalikuwa kipimo chetu cha usafi. Tuliyatia maji hayo katika bokali za kioo, kila aina peke yake, kisha tukaweka humo mayai ya konokono wa majini.

Kama hamjawahi kuona mayai ya konokono chini ya mikroskopi, ombeni mtu awaonyeshe. Konokono huyataga ndani ya ute unaonata chini ya jani, na ute huo unapitisha mwanga kama kioo. Kila yai ni chumba kidogo, na ndani ya kila chumba mtoto anazunguka polepole bila kupumzika, kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta upande mzuri. Siku ya kwanza nilipoona jambo hilo nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Asubuhi ninayoisimulia, niliinama kutazama bokali za Ngungu. Hakuna mtoto aliyezunguka. Katika maji ya Omate, ambayo sisi wote tulitarajia yaue, wengine walikuwa bado wanajigeuza. Katika maji safi ya nyumbani kwetu, kimya.

Nikamwita Papa Anselme, mkubwa wangu wa kazi. Alitazama, akafuta miwani, akatazama tena.

"Mapendo, kwenu Ngungu munatiaka nini mu maji?"

"Hatutiake kitu, Papa. Ile maji njo tunakunywaka."

"Munanyunyiza dawa mu mashamba?"

"Nani ataweza kununua dawa?"

Alizunguka meza akiwa na mikono nyuma, kisha akasimama mlangoni. Pale mlangoni kulikuwa na ndoo yetu mpya ya zinki, inang'aa, tuliyoinunua tukiionea fahari kwa sababu tuliona maji ya kulinganishia yanastahili chombo kizuri. Maji ya Omate tulikuwa tumeyabeba katika bido, dumu la manjano la plastiki, lililokwaruzwa kila upande. Papa Anselme aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akatafuta kiti.

"Zinki!" akasema. "Siye benyewe njo tumewaua. Na kesho ningeandika ku rapo kwamba Ngungu iko na sumu!"

Mtu mzima anakunywa maji ya ndoo ile miaka na miaka asione kitu. Konokono mkubwa naye anaweza kutambaa ndani yake bila shida kubwa. Lakini yule ambaye bado hajamaliza kuumbwa, anayejenga gamba lake kwa chembe chembe, metali kidogo inayoachwa na zinki inatosha kumsimamisha. Basi, kabla hamjakishuku kijito, kishukuni chombo chenu. Plastiki, iloweke mara nyingi, ioshe kwa maji ya mto wenyewe, na sabuni ikae mbali.

Mimi ni Mapendo, na nilizaliwa Ngungu hiyo hiyo. Nilifanya kazi katika laboratwari, maabara ndogo ya maji kule Goma, mpaka magoti yakakataa kushuka mitoni, ndipo nikarudi nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta na kulea viumbe vya maji visivyo na mifupa: kaa, konokono, uduvi, na watoto wa wadudu wanaokaa chini ya mawe kabla hawajaota mabawa. Watu wa ukoo wa mume wangu walipata shida kubwa kuwaeleza wageni kazi hiyo. "Ni infirmiere?" wageni waliuliza, wakidhani mimi ni muuguzi. "Ndiyo," wifi yangu alijibu, "lakini ya wadudu."

Niliingia kazi ile nikijua kufua na kupiga deki. Siku ya kwanza Papa Anselme aliniambia kwa Kifaransa nimletee larve kutoka nyuma ya nyumba, maana yake watoto wa mbu waliokuwa katika pipa la mvua. Mimi nikasikia lave, yale mawe meusi ya volkano ambayo Goma yote imejengwa juu yake. Nikatoka, nikachagua jiwe zuri, nikaliweka mezani kwake. Alilitazama muda mrefu. Hakunicheka. Alisema tu kwamba ni zuri, na kwamba tungeligandamizia karatasi. Kisha akanipeleka mpaka kwenye pipa, akainama na mimi, akanionyesha jinsi vitoto vya mbu vinavyoning'inia kichwa chini vikivuta hewa kwa mkia. Mwalimu wa namna hiyo ukimpata, usimwache.

Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kazi mbali, ufukweni mwa bahari, kwa mayai ya chaza. Alipenda kutusimulia. Chaza akiwa mkubwa, alisema, anajifunga ndani ya magamba yake na anaweza kuvumilia maji mabaya siku nyingi. Lakini mtoto wake anaelea baharini akiwa mdogo kuliko chembe ya chumvi, na gamba lake la kwanza linajengwa haraka sana. Shaba kidogo majini, zebaki kidogo, na gamba linatoka limepinda, au halitoki kabisa. Mvuvi anatazama mwamba, anaona chaza wakubwa wamejaa, anasema bahari ni nzima. Miaka inapita, wakubwa wanakwisha, na hakuna wa kushika nafasi yao.

"Njo maana tusitazame bakubwa," alizoea kusema. "Tutazame benye hawajazaliwa."

Huko kwetu hakuna bahari. Lakini kaa wa mtoni tunaye, na huyo ana tabia moja nzuri sana kwa kazi yetu. Kaa wa baharini humwaga watoto wake majini waende na mawimbi. Kaa wetu jike hubeba mayai chini ya tumbo, ameyafunika kwa ule mkia wake mpana uliokunjwa, na watoto wanatokea humo humo wakiwa tayari ni kaa kamili, wenye miguu yote na magando yote, ila wadogo kama punje ya mtama. Mama anaendelea kuwabeba mpaka wapate nguvu. Kwa hiyo ukimkuta mama, umezikuta habari za familia yote. Mshike kwa nyuma, kwa vidole viwili, mbali na magando. Mfunue kwa kijiko cha mti, siyo kwa kucha. Mayai mazuri yana rangi ya mawese, na yakikaribia kuanguliwa utaona ndani nukta nyeusi, hayo ni macho. Usiweke mama wawili katika beseni moja. Papa Anselme aliwahi kuwaweka, kwa kuwa alitaka kuokoa nafasi. Asubuhi tulikuta mama mmoja, ameshiba.

Kaa hao ndio walionikutanisha na Mama Shukuru.

Tulikuwa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, siku ya soko. Mota, pikipiki iliyotuleta, ilikuwa imepasuka tairi, na wakati fundi anaiziba, mimi na Papa Anselme tulishuka mtoni pembeni mwa njia tukaanza kuinua mawe. Mwanamke mmoja aliyebeba kitunga cha sombe, majani ya muhogo, alisimama darajani akatutazama. Alikuwa mama wa msitu, wa kabila la Wanyanga, aliyenizidi umri kidogo, miguu imara kama ya mtu aliyepanda milima yote ya Walikale. Alicheka kuona mzee mwenye miwani anamfunua kaa na kumrudisha.

"Papa, yule hatakushibisha. Juu ya nini unamurudisha?"

"Sitafute kukula, Mama. Natafuta mayai."

Aliacha kucheka. Kisha akatua kitunga chake.

"Basi mukuye kwetu," alisema. "Kwetu mayai inaoza chini ya tumbo ya mama yake."

Alishuka akatueleza hapo hapo, amesimama majini. Kwao, kando ya kijito kinachotoka Omate, wanawake huziba mkondo kwa udongo na majani ya ndizi, wanakumba maji kwa mabeseni mpaka kipande cha kijito kikauke, kisha wanaokota kaa, uduvi na samaki wadogo wanaobaki kwenye tope. Alianza kazi hiyo na mama yake akiwa msichana. Zamani, alisema, walipookota kaa jike mwenye watoto walimrudisha, na walikuwa wengi mpaka wanakwaruza miguu. Sasa kaa wakubwa bado wapo, ila wachache, na mayai wanayobeba yamekuwa meupe na yananuka. Uduvi wadogo hawaonekani kabisa.

Tukaenda. Njia ya kutoka Kashebere siwasimulii, mnaijua, na kama hamuijui magoti yangu yanaijua kwa niaba yenu.

Katika mteremko wa mwisho Papa Anselme alikuwa mbele na wapagazi, na Mama Shukuru akapunguza mwendo ili abaki na mimi. Akanieleza jambo ambalo hakulisema Kashebere. Mwenye shimo kubwa pale juu, yule ambaye wachimbaji humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, aliitwa Safari, na alikuwa mukwe wake, mume wa binti yake Neema. Neema ndiye aliyekuwa akichoma dhahabu ya mume wake. Kama hamjui inavyofanyika: mchanga mzito uliobaki baada ya kusafishwa unachanganywa na zebaki, ambayo kule wote wanaiita merkiri. Merkiri inakamata dhahabu, zinakuwa donge moja jeupe. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linawekwa juu ya moto, merkiri inaondoka kama moshi, dhahabu inabaki. Maji machafu yanamwagwa kijitoni. Na donge Neema alilichoma jikoni, kwenye kikaango, mlango umefungwa ili majirani wasijue kama leo dhahabu imepatikana.

"Iko na mimba," Mama Shukuru aliniambia. "Ya kwanza ilitoka. Sijuwe juu ya nini ilitoka. Lakini naona ile mayai ya kaa, na usingizi hainikamate."

"Umemuambia Safari?"

Alinitazama kana kwamba mimi sina akili.

"Ni mukwe wangu. Miye nitasimama mbele yake kumuambia mambo ya mimba? Hata njiani akipita naingia mu majani. Nyiye muko bageni. Nyiye mutasema."

"Na kama tukikuta kaa haina shida?"

"Basi tutapika sombe na ile kaa, mutakula, mutarudi kwenu."

Safari alitupokea akiwa amesimama. Alikuwa kijana mrefu, mwenye buti za mpira na sauti ya chini, na wachimbaji walinyamaza yeye alipokohoa. Papa Anselme alimweleza tunachotaka. Safari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa, bantu banakuyaka hapa na bokali kama ile. Banachota maji, banaenda. Kiisha tunasikia ku radio eti karieri ya dhahabu ifungwe. Hapa iko bantu bengi benye banalisha bana. Mukikuta kitu, nani atakuwa wa kwanza kusikia?"

"Weye," Papa Anselme akajibu.

"Hapa?"

"Hapa, ku maji, mbele ya bantu yako. Kabla ya Goma."

Wakapeana mikono. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mkataba uliofungwa vizuri zaidi. Ninyi mnaosoma sana, mshike hilo: mtu ambaye kijito ni chake asisikie habari za kijito chake kutoka kwenye redio.

Tulipanga mabeseni chini ya baraza ya jiko la Mama Shukuru, mahali penye kivuli na baridi. Kaa majike wote tuliwatoa sehemu moja, juu kabisa ya kijito, kabla maji hayajafika machimboni, kusudi mtu asiseme wengine walikuja wagonjwa. Nusu yao tuliwaweka katika maji ya juu. Nusu tukawaweka katika maji ya chini ya machimbo. Kila mama na beseni lake, na jiwe lake la kujificha. Kazi yangu ilikuwa kuwalea: kubadilisha maji, kuyamimina kwa kikombe kutoka juu ili yapate hewa, kuwapa majani yaliyoanza kuoza na kipande cha dagaa. Mtu anayelea kaa anajifunza subira. Huwezi kumharakisha. Ukimfunua mara kwa mara anakasirika na anatupa mayai mwenyewe, na hapo umeharibu kila kitu kwa udadisi wako.

Wanawake walikuja kutazama wakitoka mashambani. Neema pia alikuja, tumbo lake limeanza kuonekana, akakaa kwenye kigoda akimenya mihogo. Alikuwa mcheshi. Kaa mmoja mkali alimpa jina la mwalimu wake wa shule ya msingi.

Mvua zilipokolea, mayai katika maji ya juu yakaanza kuonyesha macho. Kisha asubuhi moja nilimfunua mama wa kwanza, nikaona mkia wake umejaa miguu midogo midogo, inasukumana, inapanda migongo ya wenzake. Wanawake walipiga vigelegele kama wako maternite, wodi ya wazazi.

Katika maji ya chini, mayai mengi yalikuwa yamegeuka meupe. Mengine yalifika mpaka macho, yakasimama hapo. Machache yaliyoanguliwa yalitoa watoto ambao miguu yao ilikuwa imeshikamana, au ya upande mmoja ni mifupi, na hawakuweza kumshika mama yao. Walianguka chini ya beseni. Mama alikaa juu yao, anapepea maji kwa vijiguu vyake kana kwamba bado wako tumboni. Nilikuwa nimeona viumbe wengi wakifa katika kazi yangu, lakini huyo sikuweza kumtazama muda mrefu.

Papa Anselme aliwaita Safari na watu wake, kama alivyoahidi. Walikuja na nguo zao za tope, wakainama beseni kwa beseni. Wengine walishtuka. Safari hakushtuka upesi. Alitia kidole katika maji ya chini, akakitazama.

"Papa, nikuulize. Ile maji ya chini iko na matope. Hata kama mumeiacha itulie, iko nzito. Pengine mutoto anakosa hewa tu. Pengine haiko merkiri, iko udongo."

Mtaalamu mwingine angekasirika. Papa Anselme alifurahi mpaka akaketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Swali hiyo iko muzuri," alisema. "Tutafanya namna gani ili tujue?"

Safari akafikiri. "Tutie udongo mu maji ya juu. Udongo ya mahali penye hatujachimba. Ikuwe chafu kama ile ya chini. Kama batoto banakufa, iko matope. Kama banaishi..."

"Weye mwenyewe ulete udongo," Papa Anselme akasema. "Na kaa, weye mwenyewe uchague."

Akafanya hivyo. Alipanda mwenyewe mpaka shamba lake jipya la muhogo, akaleta udongo mwekundu, akaukoroga katika maji ya juu mpaka hatukuweza kuona mgongo wa kaa. Akaenda mwenyewe kuwaokota majike, na mmoja wao akamweka katika maji ya chini. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shimoni, alipita barazani kwa mama mkwe wake. Mama Shukuru, akimwona anakuja, alitoka kwa mlango wa nyuma na kujifanya anatafuta kuni, na mimi nilibaki katikati yao kama ukuta. Safari aliniuliza: "Banakula? Banatembea?" Alijifunza kumfunua kaa kwa kijiko bila kumwumiza. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo kuliko ya stajiere wengi, wanafunzi wa mazoezi, niliowafundisha Goma.

Kaa wale wa udongo mwekundu walikuwa na kazi ngumu. Walipepea mayai mchana kutwa, wakiyasafisha. Mengine yaliharibika. Lakini sehemu kubwa yaliendelea, yakatoa macho, yakaanguliwa, na watoto wakamshika mama yao. Na yule jike ambaye Safari alimchagua na kumweka katika maji ya chini, maji aliyoyachota mwenyewe, alibeba mayai meupe.

Safari alichuchumaa mbele ya mabeseni hayo muda mrefu. Watu wake walisimama nyuma. Wa kwanza kusema alikuwa Neema. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, kisu cha mihogo mkononi.

"Papa Anselme, na muntu?"

Nakumbuka jinsi yule mzee alivyovua miwani kabla ya kujibu. Kujibu swali kama hilo ni sehemu ngumu kuliko zote za kazi yetu, na hakuna mikroskopi itakayokusaidia.

"Neema, kaa haiko muntu," alisema. "Siwezi kutazama beseni nikuambie mutoto yako iko namna gani. Nikisema vile, ninakudanganya. Na ile mimba ya kwanza, sijuwe. Hakuna muntu atajua. Lakini moshi ya merkiri, ile tunajua. Mama anaivuta, inaingia mu damu yake, inapita, inafika ku mutoto. Na mutoto mwenye bado anaumbwa haina namna ya kujikinga."

"Nimechoma juzi," Neema akasema.

"Usichome tena."

Neema aligeuka akamtazama mume wake. Safari alisimama. Akaingia jikoni kwao, nyumba ya pili kutoka pale, tukasikia vyombo vinagongana, akatoka na kile kikaango. Aliondoka nacho kuelekea mlimani, na tangu siku hiyo hakuna donge lililochomwa ndani ya nyumba ile.

Sasa msifikiri mambo yaligeuka yote kwa siku moja. Baadhi ya wachimbaji walisema ni uongo wa watu wa Goma, wakahamia kijito kingine, wakaendelea kama zamani. Wengine walikasirika kwa sababu Safari alihamisha mahali pa kuoshea mchanga. Alipaondoa kandokando ya maji, akachimba mashimo ya kutuliza maji kule juu, mbali na mkondo, na kupandisha maji mlimani ni kazi. Mvua moja kubwa ilibomoa shimo la kwanza na kila kitu kikateremka kijitoni. Alikaa siku nzima ananuna, kisha akachimba lingine, lenye kingo za mawe. Fundi wa mota wa Kashebere alimchomelea chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, bomba linapita ndani ya maji baridi, ili moshi wa merkiri ugande na kurudi kuwa merkiri badala ya kwenda hewani. Wachimbaji walipoona merkiri inarudi na inatumika tena, hata wale wabishi wakaja kuuliza fundi ni nani.

Neema alijifungua katika kituo cha afya cha Kashebere. Mtoto wa kike, alilia kwa nguvu mpaka Mama Shukuru akasema huyu ataimba kanisani. Habari ilipotufikia Goma, nilirukaruka kati ya meza. Papa Anselme naye alifurahi sana, alininunulia fanta. Lakini nilipomwambia, "Tumemwokoa," alitikisa kichwa taratibu.

"Hatujue, Mapendo. Pengine angezaliwa muzuri hata bila siye. Tufurahi tu. Si kila furaha iko na analizi ya laboratwari."

Alifariki kabla sijastaafu, kitandani kwake, akiwa amezungukwa na watoto wake. Jiwe langu la lave lilikuwa bado mezani pake laboratwari.

Baada ya hapo mapigano yalifunga njia ya Walikale kwa muda mrefu. Ilipofunguka kidogo nilipanda tena, safari yangu ya mwisho ya kazi, peke yangu na mabeseni ya plastiki. Mama Shukuru alikuwa amezeeka lakini bado anakumba kijito. Safari alikuwa na mvi pembeni. Niliwaweka majike katika maji ya chini kama zamani, nikawalea, nikangoja.

Mara hii mengi yalianguliwa. Lakini siyo yote. Chini ya kila mama kulikuwa na sehemu ya mayai meupe, na katika watoto waliotoka, wapo ambao miguu haikukamilika. Nilichota tope la chini ya kijito nikalitazama kwenye sahani nyeupe. Katika tope, wadogo zangu, ndimo metali inamokaa. Maji yanapita, yanaenda mto Lowa, yanaenda mbali. Tope linabaki, na kila mvua inalikoroga, na kila anayezaliwa humo anakutana na kile ambacho watu waliokwisha kuondoka walikimwaga.

Nilimtafuta Safari kule juu, kwenye mashimo yake ya kutuliza maji. Alikuwa na koleo mkononi, anatoa matope yaliyojaa. Nilimweleza yote, mbele ya watu wake, hapo hapo, kabla ya Goma.

Alisikiliza. Kisha akauliza, "Itaisha siku gani?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Mtu aliyechimba mashimo yale miaka yote hiyo alistahili jibu tamu.

"Papa Safari, ile yenye iko mu tope haitaisha upesi. Pengine miye na weye hatutaiona ikiisha."

Aliegemea koleo lake. Chini yetu wanawake walikuwa wanakumba maji, tukawasikia wakicheka. Alitazama upande huo, akatazama shimo lililojaa nusu.

"Basi tusiongeze," akasema.

Akawaita vijana wawili waliokuwa wamekaa, akawaonyesha pale ambapo ukingo umeanza kulegea, na wote watatu wakaanza kubeba mawe.